Duka la mtandaoni limeshuka Google: tafuta chanzo kabla hujagusa kitu

Oda zimekatika. Ukitafuta "vitenge vya jumla Dar es Salaam", duka lililokuwa la tatu halionekani hata ukurasa wa pili. Wenye maduka wengi siku hiyohiyo hubadilisha themu, hufuta bidhaa, huandika upya vichwa vya kurasa zote, na wengine humlipa mtu awatafutie viungo (linki) vya kununua kutoka tovuti nyingine. Wiki mbili baadaye hakuna awezaye kujua nini kiliangusha duka, maana ugonjwa na dawa vimeshachanganyika kwenye grafu moja.

Kwa hiyo siku ya kwanza usibadilishe chochote. Fungua daftari au Excel uandike kila kilichofanyika dukani ndani ya siku 60 zilizopita, pamoja na tarehe: plagini iliyowekwa au kusasishwa, kuhama seva, anwani za kurasa kubadilika, bidhaa kuondolewa, kikoa kuchelewa kulipiwa. Mpigie fundi wako na kampuni inayohifadhi tovuti uwaulize wao walifanya nini. Mara nyingi sana orodha hii peke yake ndiyo inayotoa jibu.

Mifano ya hapa ni ya duka la kubuni la vitenge, dukalako.co.tz, linaloendeshwa kwa WooCommerce (plagini ya kuuzia ya WordPress) na lenye bidhaa 300. Hatua ni zilezile kwa Shopify na mifumo mingine, ingawa vitufe hutofautiana.

Hatua ya 1: Hakikisha kilichoshuka ni nafasi

Usianzie Google Analytics. Yenyewe huhesabu walioingia dukani, na msimbo wake huweza kudondoka themu inaposasishwa. Utaona sifuri na wateja wapo. Anzia Google Search Console, chombo cha bure cha Google kinachoonyesha duka linavyoonekana kwenye utafutaji, ripoti ya Performance, na uwashe vipimo vyote vinne: mibofyo, mara za kuonekana, asilimia ya kubofya na nafasi ya wastani. Linganisha siku 28 za baada ya kushuka na siku 28 za kabla yake, Jumatatu ikae na Jumatatu. Search Console hutunza takwimu za miezi 16, basi linganisha pia na kipindi hicho cha mwaka jana.

Kama kuonekana na mibofyo vimeshuka lakini nafasi ipo palepale, watu wametafuta kidogo tu. Maduka ya nguo hujikanganya hapa kila mwaka. Idd el-Fitri ya 2024 ilikuwa 10 Aprili. Ya 2025 ikaja mwishoni mwa Machi. Anayelinganisha Aprili na Aprili ataona kanzu na vitenge vimeporomoka, kumbe msimu umesogea kwa siku kumi na kitu. Kwa bidhaa za Idd, hesabu siku kurudi nyuma kutoka Idd yenyewe, usihesabu kwa kalenda ya Januari hadi Desemba. Angalia pia kama intaneti ilikuwepo: 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na watu wa Tanzania na nchi jirani wakapata shida ya kuperuzi kwa siku kadhaa. Bonde la siku hizo kwenye grafu halihusiani na ubora wa duka lako.

Kama kuonekana kulishuka ghafla Septemba 2025 huku mibofyo ikibaki ileile na nafasi ya wastani ikipanda, hujapoteza mteja hata mmoja. Kipindi hicho Google iliacha kukubali kigezo cha num=100 kilichokuwa kikifungua matokeo 100 kwa ukurasa mmoja. Programu za kufuatilia nafasi zilikitumia sana, na kila zilipopita zilihesabika kama mtu aliyeona kurasa zako zilizo nafasi ya 60 au 90.

Kama nafasi na kuonekana vimebaki na mibofyo ndiyo imepungua, ukurasa wa matokeo ndio uliobadilika. Chukua simu, fungua dirisha la faragha, tafuta maneno yako makuu matano. Huenda juu yako sasa kuna jibu la akili mnemba, matangazo, au safu ya picha za bidhaa. Huenda pia bei na nyota zilizokuwa zikionekana chini ya jina la bidhaa yako zimeondoka. Hilo ni tatizo la data ya bidhaa (bei, sarafu na maoni yaliyoandikwa kwenye msimbo wa ukurasa ili Google iyasome), tutalifikia.

Nafasi ikiwa imeshuka kweli, endelea. Lakini usiiamini nafasi ya wastani ya duka zima. Ukipoteza maneno mia mbili yaliyokuwa nafasi ya 40, wastani utaonekana umeboreka na mauzo yamekufa. Soma neno kwa neno.

Hatua ya 2: Jua hasa ni kurasa zipi na maneno yapi

Weka kichujio cha kuondoa maneno yenye jina la duka lako. Anayeandika "dukalako" anakujua tayari, atakupata hata ukiwa mgonjwa, na mibofyo yake huficha jeraha. Kisha panga maneno kwa tofauti ya mibofyo, yaliyopoteza zaidi yakae juu, na uandike 20 ya kwanza. Fanya vivyo hivyo kwa kurasa, halafu kwa nchi, halafu kwa aina ya kifaa.

Tuseme umepata hivi: "kitenge wax yadi 6" imetoka nafasi ya 3.2 hadi 11.8, mibofyo 410 hadi 36. "Vitenge vya jumla" 4.1 hadi 5.0, "kanga za harusi" haijasogea. Hapo duka zima halijaadhibiwa. Kuna ukurasa mmoja au kundi moja la kurasa lenye shida, na ukurasa wa kanga uliosalimika ni kipimo chako cha kulinganishia. Bofya neno lililoanguka, kisha fungua kichupo cha kurasa. Ukikuta kabla ya kushuka Google ilikuwa ikionyesha ukurasa wa kundi (unaoorodhesha bidhaa za aina moja) na sasa inaonyesha bidhaa moja, au kurasa mbili zako zinapokezana, umeshajua pa kuchimba.

Hatua ya 3: Soma umbo la mteremko

Grafu ikianguka kama ukuta ndani ya siku moja au mbili, shuku kwanza ufundi, udukuzi au adhabu ya mkono (inayotolewa na mtu wa Google, si mashine). Ikishuka ndani ya wiki moja hadi tatu, shuku sasisho la Google (mabadiliko ya jinsi inavyopanga matokeo) au kuhama kwa anwani. Ikiteleza taratibu kwa miezi, washindani wamekupita.

Tarehe za masasisho huwekwa na Google kwenye ukurasa wake wa hali ya utafutaji, status.search.google.com. Sasisho kuu la Machi 2024 lilianza tarehe 5 na likachukua siku 45. La Agosti 2024 lilianza tarehe 15 na kumalizika 3 Septemba. La Machi 2025 lilikwenda tarehe 13 hadi 27. La Juni 2025 lilianza tarehe 30 na kumalizika 17 Julai. Kushuka kwako kukikaa ndani ya dirisha la namna hiyo, subiri wiki nzima baada ya sasisho kumalizika, ndipo ulinganishe wiki hiyo na wiki ya kabla halijaanza. Katikati ya sasisho nafasi hupanda na kushuka kila siku, na atakayepima hapo atapima mawimbi.

Hata tarehe zikilingana, fanya hatua ya 4 na ya 5 kwanza. Sasisho la Google na kosa la fundi huweza kuangukia wiki moja.

Hatua ya 4: Adhabu na udukuzi, dakika tano

Kwenye Search Console fungua Manual actions, kisha Security issues. Kukiwa na adhabu, Google huandika sababu: viungo visivyo vya asili, maudhui hafifu, data ya bidhaa yenye udanganyifu. Hiyo ya mwisho huondoa nyota na bei tu kwenye matokeo, nafasi yenyewe haiguswi.

Kisha andika kwenye Google: site:dukalako.co.tz. Ukiona kurasa za Kijapani, dawa au kamari zilizo chini ya kikoa chako, umedukuliwa, hata kama ukifungua duka mwenyewe unaliona safi. Wadukuzi hawa humwonyesha roboti wa Google ukurasa mwingine na wewe mwingine. Tumia kifaa cha URL Inspection cha Search Console kuona anachokiona Google.

Kusafisha kuna mpangilio wake. Badilisha nywila zote za WordPress, cPanel, hifadhidata na FTP. Angalia orodha ya watumiaji wa WordPress na ya wamiliki wa Search Console, maana mdukuzi hupenda kujiongeza huko. Pakua WordPress na plagini upya kutoka chanzo halisi, ubadilishe mafaili yote ya mfumo. Kagua .htaccess (faili la maagizo ya seva) na folda ya wp-content/uploads, faili la .php ndani ya uploads karibu kila mara ni la mdukuzi. Plagini na themu za kulipia zilizopakuliwa bure mitaani ziondoe zote, mlango ni huo. Kurasa bandia zikishafutwa ziache zijibu 404 au 410, yaani ukurasa haupo. Usizielekeze kwenye ukurasa wa mwanzo.

Hatua ya 5: Ufundi

Hapa ndipo maporomoko mengi ya ghafla yanapopatikana, na ndipo matengenezo hulipa haraka. Chukua ukurasa mmoja ulioanguka, uweke kwenye URL Inspection, ubofye kipimo cha moja kwa moja. Soma mambo manne: Google anaruhusiwa kuingia? Anaruhusiwa kuorodhesha? Ukurasa mkuu (canonical) aliouchagua kati ya zinazofanana ni huu? Hili lisome kwenye matokeo ya kabla ya kipimo, kipimo cha moja kwa moja hakilionyeshi. Picha ya skrini inaonyesha bidhaa, au ukurasa mweupe?

*Alama ya kuzuia.* WordPress ina kisanduku kwenye Settings, Reading, kinachoziomba injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti. Fundi hukiwasha akijenga toleo la majaribio, kisha toleo hilo likahamishiwa kwenye duka halisi na kisanduku kimewashwa. Angalia pia robots.txt (faili linalowaambia roboti wapi wasiingie), mstari mmoja wa `Disallow: /` unatosha kufunga duka zima.

*Ukuta wa ulinzi.* Duka linalouza Tanzania tu huambiwa lizuie nchi nyingine ili kupunguza mashambulizi. Roboti wa Google hutembelea zaidi kutoka anwani za Marekani, kwa hiyo naye huzuiwa. Kwenye Search Console ingia Settings, Crawl stats, usome siku 90: kama maombi yameanguka au majibu ya 403 (amezuiwa) na 5xx (kosa la seva) yamepanda siku ileile, umempata mchawi. Ukiona kwenye kumbukumbu za seva anwani inayojiita Googlebot, jina la roboti wa Google, thibitisha kwa amri ya `host` na anwani hiyo, mfano `host 66.249.66.1`; ya kweli hurudisha jina linaloishia googlebot.com. Faili la robots.txt nalo likirudisha kosa la 5xx, Google husitisha kutembelea tovuti nzima kwanza, kana kwamba umeifunga.

*Anwani zilizobadilika.* Hili tulikae kidogo, maana ndilo chanzo kikubwa zaidi kwa maduka yaliyotengenezwa upya. Duka lilikuwa na anwani /product/kitenge-wax-yadi-6/, fundi akaona Kiswahili kinapendeza, ikawa /bidhaa/kitenge-wax-yadi-6/. Kwa Google huo ni ukurasa mgeni, na ule wa zamani wenye miaka mitatu ya viungo umekufa. Dawa ni uelekezaji wa 301, yaani kumpeleka mgeni na Google moja kwa moja kwenye anwani mpya ya kudumu. Kwa seva ya Apache au LiteSpeed, fungua .htaccess, weka mistari hii juu ya ule unaosema # BEGIN WordPress:

`RewriteEngine On`
`RewriteRule ^product/(.+)$ /bidhaa/$1 [R=301,L]`

Nakili .htaccess ya zamani kwanza, kwa sababu herufi moja ikikosewa duka zima hujibu 500. Kisha pima kwa `curl -I https://dukalako.co.tz/product/kitenge-wax-yadi-6/`. Unataka kuona 301, mstari wa location wenye anwani mpya, na anwani hiyo ikijibu 200 (ukurasa upo). Ikiruka mara tatu kabla ya kufika, ifupishe iwe mruko mmoja. Majina ya bidhaa nayo yakiwa yamebadilika, mstari huo hautoshi: toa orodha ya kurasa za zamani kutoka Search Console, iweke kwenye Excel, safu ya kushoto anwani ya zamani, ya kulia mpya, moja kwa moja kwa mkono ukianza na zilizokuwa na mibofyo mingi. Elekezo hizo zikae mwaka mmoja angalau. Ukiweza ziache daima.

*Bidhaa zilizoisha.* Itakayorudi, acha ukurasa wake na uandike kwamba imeisha. Isiyorudi na yenye mbadala wa karibu, elekeza kwa 301 kwenye mbadala huo. Isiyo na mbadala, iache ijibu 404. Kuzielekeza zote kwenye ukurasa wa mwanzo hakusaidii. Google huzihesabu kama kurasa zisizokuwepo.

*Kurasa zilizozaana.* Fungua ripoti ya Page indexing. Duka la bidhaa 300 likionyesha kurasa 40,000 zinazojulikana, vichujio vya rangi, bei na mpangilio vimezaa anwani zisizo na mwisho, na roboti anapoteza muda wake huko wakati bidhaa mpya zinasubiri. Kwa WooCommerce anza na mistari miwili ya robots.txt: `Disallow: /*orderby=` na `Disallow: /*add-to-cart=`. Usiweke noindex (alama ya kuomba ukurasa usiorodheshwe) na kizuizi cha robots.txt kwenye ukurasa mmoja, maana roboti aliyezuiwa mlangoni hawezi kusoma noindex iliyo ndani.

*Simu.* Google hutumia toleo la simu kuorodhesha. Kama themu mpya huficha maelezo ya kundi au viungo vya chini kwenye simu kwa kutovipakia kabisa, kwa Google havipo.

Kasi tunaiweka mwisho kwa makusudi. Kila fundi huitaja kwanza, na ni mara chache iangushe duka peke yake. Vipimo ni hivi: kitu kikubwa cha juu kionekane ndani ya sekunde 2.5, mguso ujibiwe ndani ya milisekunde 200, kuyumba kwa ukurasa kusizidi 0.1. Tatizo la kawaida ni picha za simu za MB 4 zilizopandishwa zilivyo. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1200 kwa muundo wa WebP, zikae chini ya KB 150, na picha ya kwanza ya bidhaa usiiwekee upakiaji wa kuchelewa.

Hatua ya 6: Kama ufundi ni mzima, soma kurasa zako kama mnunuzi

Tafuta neno lililoanguka, fungua watano waliokupita, na ukurasa wako uuweke kando yao. Kwanza angalia aina: kama wote watano ni kurasa za makundi na wewe unashindana na bidhaa moja, jenga kundi. Kisha jiulize wanamwambia mnunuzi nini ambacho wewe hukumwambia.

Kurasa zinazoanguka kwenye masasisho makuu mara nyingi zina maelezo yaliyonakiliwa kutoka kwa msambazaji, yaleyale yaliyo kwenye maduka mengine hamsini, au Kiswahili cha mashine ambacho hakuna mama wa Kariakoo angekisema. "Kitambaa hiki cha ubora wa juu kitainua mtindo wako" hakimsaidii mtu. Andika hivi: kitenge cha pamba tupu, yadi 6, upana inchi 46, kinatosha gauni refu na kilemba, fua kwa maji baridi mara ya kwanza, rangi nyekundu hutoa kidogo, bei ya rejareja na ya kuanzia pisi 10, Dar es Salaam kinafika siku hiyohiyo, Mwanza kwa basi siku inayofuata, malipo kwa M-Pesa, na kikiwa na dosari unarudisha ndani ya siku ngapi. Pima kitambaa chenyewe kwa futi, kifue kipande, kipige picha mwenyewe mchana dirishani. Maelezo haya hakuna mshindani anayeweza kuyanakili bila kuwa na mzigo mkononi.

Anza na kurasa 20 zilizopoteza mibofyo mingi. Ziache 20 nyingine zinazofanana nazo bila kuzigusa, ili baada ya wiki nane uone kama kazi yako ndiyo iliyosogeza kitu.

Data ya bidhaa iandikwe sawasawa: bei "85000" bila mkato wa maelfu, sarafu TZS au KES, na iwe bei ileile mteja anayoiona kwenye ukurasa. Maoni ya wateja yawe ya kweli.

Kuhusu viungo: faili la kukana viungo (orodha ya viungo unavyoiomba Google isivihesabu) lina kazi kama una adhabu ya mkono ya viungo, au uliwahi kununua na unajua adhabu inakuja. Vinginevyo liache, Google hupuuza vingi vya ovyo yenyewe. La maana zaidi ni kutafuta viungo vizuri vinavyogonga kurasa zako zilizokufa na kuvipa 301.

Hatua ya 7: Omba, subiri, pima

Matengenezo yakikamilika, wasilisha upya sitemap.xml (orodha ya kurasa za duka kwa ajili ya Google) yenye anwani hai tu, kisha omba kuorodheshwa kwa kurasa kumi za maana zaidi; maombi ya siku yana kikomo, na kurudia ombi hakuharakishi. Kizuizi kilichoondolewa huonekana ndani ya siku chache hadi wiki kadhaa. Kuhama kwa anwani huchukua wiki hadi miezi kwa duka kubwa. Adhabu ya mkono huombewa mapitio: eleza ulichokuta, ulichofanya, na ushahidi, jibu huja kwa siku au wiki. Kuanguka kwa sasisho kuu ndiko kugumu, huweza kuchukua miezi, na mara nyingine mabadiliko makubwa huonekana sasisho kuu lijalo linapopita.

Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, kwa maneno yaleyale 20 uliyoyaandika hatua ya 2. Anayeangalia kila saa mwishowe huanza kubadilisha vitu ovyo.

Wakati huo duka linahitaji kula. Weka bajeti ndogo ya matangazo kwenye bidhaa tano zilizopoteza zaidi, watumie wateja wa zamani mzigo mpya kwa WhatsApp, na kama una duka la kufikika hakikisha wasifu wako wa Google Business una saa na picha za sasa. Atakayekuahidi nafasi ya kwanza ndani ya siku saba mwache apite. Na fundi yeyote unayemwajiri, kwenye Search Console mpe ruhusa ya Full au Restricted. Umiliki ubaki kwenye barua pepe yako, pamoja na kikoa chenyewe kikiwa kimesajiliwa kwa jina lako.